Maji Matulivu ya Mama Mkwe

Ukimwambia mtu wa Bunia kwamba kazi yako ni kufundisha watu kupiga mbizi, kwanza anakuangalia viatu. Mji wetu uko juu, vumbi lake linaingia mpaka kwenye sukari, na maji ambayo wengi wetu tunayaona wiki nzima ni yale ya bidoni, lile dumu la njano. Ziwa liko chini kule, ukishuka barabara ya mteremko kuelekea Kasenyi huku breki zikinuka. Mimi nilizaliwa Kalemie, kando ya Tanganyika, na huko ndiko nilikojifunza kupumua kwa chupa ya hewa, nikikata nyavu zilizojisokota chini ya maboti. Bunia nilifuata mke. Mke simjutii. Ninayoyajutia ni mengine.

Wenye maboti ya ziwani walichangishana wakanunua chupa, maski na kompresa ya kujazia hewa. Walikuwa wamechoka kuona boti inapinduka, watu wanaokolewa, kisha anabaki mmoja ambaye hakuna anayejua alipolala. Wakaniomba niwafundishe watu sita wa kushuka kumtafuta huyo mmoja. Nilikubali haraka, kwa sababu napenda kuitwa mwalimu, na kwa sababu juu kule nilikuwa nakauka.

Watu hudhani kazi hii inaanzia kwenye chupa. Inaanzia kwenye kukaa. Nikitafuta mahali pa kufundishia nafika asubuhi na termosi ya chai, nageuza bidoni, nakalia, natazama maji mpaka upepo wa mchana uje. Natupa kifuniko cha kopo la maziwa kilichofungwa uzi, nione kinapotea kikiwa chini kiasi gani. Naweka jani kavu juu ya maji nione linaelekea wapi. Naingia miguu mitupu: mchanga ni mzuri, matope yanayopanda kama moshi ni mabaya. Nauliza habari za viboko, na sikubali kuambiwa "hawako" na mtu anayecheka. Mtu mpya anahitaji maji yasiyomdai kitu, maana mwili wake wenyewe unamdai vya kutosha: pua inataka kuvuta, moyo unakimbia, miguu inataka kupanda juu.

Lakini mahali pa kuanzia si mahali pa kukaa. Mzee aliyenifundisha Kalemie alitutoa kwenye maji matulivu mara tulipoacha kuogopa, akatupeleka kwenye mawimbi, kisha kwenye matope. Mtoto hujifunza kutembea akishika kitanda, alituambia, lakini hakuna anayebeba kitanda kwenda sokoni. Nililijua hilo kabla ya kulijua jina la mke wangu. Kwa hiyo nisijifanye kwamba sikujua.

Mtu wa sita katika kikundi alikuwa mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, msichana aliyekuwa amemaliza shule na kuchoka kumsaidia mama yake kuuza maharagwe. Alikuja mwenyewe kuniomba, wala hakuwa na haja ya kueleza sababu. Baba yao alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa akivuka ziwa kwenda Uganda kuleta vitambaa. Boti yao ilipinduka, na yeye hakuonekana tena. Kaburi hawana. Kila Siku ya Wafu wengine wanapokwenda kung'oa majani makaburini, wao hukaa nyumbani wakitafuta kazi ya kufanya.

Kabla sijamjibu, mama mkwe alikuja nyumbani kwangu.

Lazima nieleze mama mkwe wangu anavyokuja. Ni mtu wa desturi ya zamani. Binti zake wanasema hata Butembo walikotoka wengi wameshailegeza. Haketi akinitazama. Hali chakula nilipo. Akiwa na neno langu anakaa barazani, mgongo kwangu, uso ukutani, na anauambia ukuta. Nami naitikia kwa sauti ya chini. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilicheka peke yangu chooni. Baadaye nikazoea, kisha nikaanza kuiogopa ile nyuma ya kitambaa chake cha kichwani kuliko nyuso nyingi.

"Bokilo," aliuambia ukuta siku ile, "nasikia mutoto wangu anataka kuingia mu maji."

"Ndiyo, mama."

"Sikatae. Kichwa yake ni nguvu sawa ya baba yake. Lakini ni weye unachagua fasi. Umuchagulie fasi yenye maji inalala. Fasi yenye mawimbi, hapana. Fasi yenye maji iko nyeusi, hapana. Ile ziwa ilishakula mutu moja mu nyumba yangu."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa na la kusema. Ningesema: mama, hakuna mzamiaji wa maji yanayolala tu, ama aende kote, ama asiingie kabisa. Tena mimi si mtu wa kukosa maneno. Nimegombana na askari wa barriere, kile kizuizi cha barabarani, nimegombana na muuza kompresa mpaka akanikimbia dukani kwake, na kanisani wananiita pilipili. Lakini kwa bokilo, mkwe wa heshima, hubishani, hujadiliani bei, huelezi. Mbele ya mgongo ule kinywa changu kikawa cha mtoto wa ubatizo. Nikasema ndiyo mara mbili, naye akaenda zake akiniachia maharagwe ya manjano kwenye kikapu.

Ghuba niliyoipata ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa nyuma ya ulimi wa mchanga, matete upande mmoja, mawe upande wa pili, na upepo wa mchana ulipita juu yake bila kushuka. Chini kulikuwa na mchanga mweupe. Ukinyoosha mkono unahesabu vidole vyako, ukitazama mbele unaona mwenzako na mapovu yake. Hapo niliwafundisha yote ya mwanzo: kutoa maji ndani ya maski bila kupanda juu, kuchomoa kile kipande cha kupumulia mdomoni na kukirudisha, kukaa katikati ya maji bila kuelea wala kuzama. Niliwafundisha pia lugha ya kamba, kwa sababu mzamiaji anafungwa kamba na mtu wa juu anaishika. Akivuta mara moja, maana yake ni niko mzuri, na wa juu anajibu kwa kuvuta mara moja: nami niko mzuri. Akivuta mfululizo, mtoe.

Shemeji yangu aliwapita wote. Sisemi kwa sababu ni wa nyumbani. Wanaume watano walipumua kama wapandao mlima na magunia. Yeye chupa yake ilidumu mpaka sisi wa juu tukachoka kungoja. Alishuka kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Ikafika siku ya kutoka ghubani. Mbele kidogo, mwendo wa kumaliza mazungumzo ya kawaida kwa mguu, kuna mlango wa mto unaoshuka kutoka milimani. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuta, na chini ni matope na matawi. Maboti mengi hupindukia karibu na hapo, mkondo wa mto unapokutana na upepo. Pale ndipo walipaswa kujifunza, kwa sababu pale ndipo wangeitwa.

Nikaenda kupakagua na bidoni langu na termosi. Nikarudi nikasema upepo haufai. Wiki nyingine nikasema nimeona dalili za kiboko. Nilikuwa nimeona kinyesi cha ng'ombe. Wiki nyingine nikasema wavuvi wametega nyavu, nayo ilikuwa kweli, nikaifurahia kweli ile kuliko inavyostahili. Kila mara nikawarudisha kwenye ghuba, kwenye mchanga mweupe, kutoa maji kwenye maski ambayo walishaweza kuyatoa wakiwa usingizini.

Ningeweza kuwapeleka wale watano na kumwacha yeye. Nililifikiria hilo sana. Lakini angeuliza kwa nini, mbele ya wenzake, na ningelazimika kumtaja mama yake, na maneno yangerudi nyumbani, na mama mkwe angesikia kwamba mkwewe anamsema mitaani. Basi, ili nisimwaibishe mmoja na nisimjibu mwingine, niliwafunga wote sita katika maji ya mama mkwe.

Walinitania. "Chef," mmoja aliniambia huku akijikausha, "siku hizi samaki ya hapa inatusalimia, inauliza kama watoto beko bazima." Wenzake wakacheka. Mimi nikawaka, nikampigia kelele kuhusu heshima na usalama mpaka mate yakaniruka. Shemeji yangu hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa mto. Jioni ile nilipanda Bunia, nikaisukuma sahani, na mke wangu aliponiuliza kama chakula kina kasoro nilisema chumvi. Masikini, haikuwa chumvi.

Boti ilipinduka mlangoni mwa mto, mchana, upepo ulipopanda. Wavuvi waliwatoa watu wote isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa akirudi kwa mama yake na mzigo wa sabuni. Tuliitwa. Hiyo ndiyo simu tuliyojiandaa kwa ajili yake.

Tulipofika, nyavu zote zilikuwa zimeshapandishwa ufukoni. Ndivyo wanavyofanya kule: ziwa likimshika mtu, hakuna anayevua mpaka limrudishe. Hakuna mtumbwi unaotoka, hakuna samaki anayekaangwa, watu wanakula bugali kwa sombe ya majani ya mihogo na kungoja. Kwa hiyo kila saa ya kushindwa kwetu ilikuwa pia saa ya njaa ya kijiji kizima, na hakuna aliyetulaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Mama wa yule kijana alikuwa ameketi juu ya mchanga, miguu ameinyoosha, uso kwenye maji. Walimletea uji, akaushika kikombe bila kuunywa.

Niliwashusha wawili wa kwanza. Hawakukaa. Mmoja alitokeza akiwa ametema kipande cha kupumulia, anakohoa maji, macho yamemtoka. "Chef, haiko maji, ni usiku," alisema. "Sioni hata mukono yangu." Wa pili alikuwa ameishika kamba kwa mikono yote miwili na hakutaka kuiachia hata akiwa amekaa ndani ya mtumbwi. Wale watatu walipowaona wenzao, wakaanza kukagua mikanda iliyokwisha kukaguliwa. Sikuweza kuwakasirikia. Nilikuwa nimewaonyesha vidole vyao msimu mzima.

Nilishuka mwenyewe. Nilitambaa juu ya matope nikipapasa, tawi, gunia, tawi, mpaka hewa ikakaribia kuniishia. Nilipopanda, shemeji yangu alikuwa tayari: maski, mkanda, mapalme, yale mapezi ya mpira, miguuni. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mtumbwi, mgongo kwa maji, anangoja tu nimfunge kamba.

"Chupa yako haina hewa ya kutosha," nilimwambia.

Alishusha macho akasoma manometa, kipimo cha hewa, kifuani. Nami niliiona kutoka pale nilipokuwa: sindano ilikuwa upande wa mwisho kabisa, chupa imejaa. Aliniangalia. Akaangalia ufuko, ambako watu wote walikuwa wanatutazama, na yule mama katikati yao. Kwetu mdogo hamwiti shemeji yake mkubwa mwongo mbele ya msiba. Akavua palme moja, akavua ya pili, akazilaza pamoja sakafuni mwa mtumbwi kana kwamba zimelala usingizi.

Nikashuka tena, na kesho yake tena, peke yangu, mpaka masikio yakaniuma hadi kwenye meno. Hatukumpata. Mwishowe mchungaji aliomba, wazee wa wavuvi wakamwaga maji ziwani kwa kibuyu, nyavu zikarudi kwenye mitumbwi, kwa sababu watoto lazima wale. Yule mama aliinuka, akakung'uta mchanga kwenye kitenge, akaja mpaka nilipokuwa nakunja kamba.

"Aksanti, baba," aliniambia. "Mulijaribu."

Hatukujaribu. Nilijaribu mimi. Watano waliogopa woga niliowatengenezea mwenyewe, na mmoja, aliyeweza, nilimdanganya. Watu wa kanisani huniambia labda mto ulikuwa umeshamchukua mbali, labda hata watu ishirini wasingempata. Labda. Nami nalishika hilo "labda" usiku, na haliniponyi, kwa sababu lilipaswa kuwa la mto, nami nimelitia mkono wangu.

Tulipanda mteremko kurudi Bunia. Kwenye barriere, dereva aliposhuka kuonyesha karatasi, tulibaki garini mimi na shemeji yangu.

"Shemeki," alisema, "chupa yangu ilikuwa ya kuyala."

"Najua ilijaa."

Nikamwambia habari za mama yake na ukuta. Nilitazamia alie au anitukane, ningependelea anitukane. Alifuta vumbi kwenye kioo mpaka dereva akaonekana anarudi.

"Siku papa alizama," alisema, "batu balikuwa pale, na mitumbwi balikuwa nayo. Siye tulikuwa tunauliza juu ya nini hakuna mwenye alishuka. Sasa ninajua. Kila mumoja alikuwa na mama yenye alimukataza."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho yake nilikwenda kwa mama mkwe. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, uani. Nilipomwona anaanza kugeuka kama kawaida, niligeuka mimi kwanza. Nikakaa mgongo kwake, uso kwenye ukuta wa jikoni wenye masizi, nikauambia ukuta. Nilieleza mlango wa mto, nyavu ufukoni, yule mama na kikombe chake. Nilisema kwamba siwezi tena kuitimiza ndiyo niliyompa. La manometa sikulisema. Wala sikusema kwamba yeye aliniomba kwa ajili ya mtoto mmoja, na wale wengine nilijiongezea mwenyewe. Kinywa kilifika hapo kikasimama.

Nyuma yangu maharagwe yaliendelea kulia kwenye ungo, kisha yakanyamaza.

"Ule mama," aliuliza, "alikuwa anaikalia nini?"

"Mchanga tu, mama."

Nilisikia kokoto likitupwa nje ya ungo.

"Ile muchanga ya pale inaunguza," alisema. Na maharagwe yakaanza tena. Hakusema nimpeleke mtoto, hakusema nisimpeleke. Nilikaa mpaka nikaona nimekaa mno, nikaaga.

Jumamosi iliyofuata, nilipokuwa napakia chupa, alikuwa amesimama kando ya gari na mkeka umekunjwa kwapani. Hakuwa ameshuka ziwani tangu mumewe apotee. Samaki hata mezani hataki kumwona. Mke wangu aliniangalia, nami nikamwangalia mke wangu, tukamfungulia mlango wa mbele, na njia nzima aliangalia dirisha la upande wake ili asiniangalie mimi.

Hatukwenda ghubani. Tulikwenda mlangoni mwa mto. Mama mkwe alitandika mkeka juu ya mchanga, akaketi uso kwenye maji na mgongo kwangu, kama heshima inavyotaka. Niliwaambia wale sita ukweli mmoja: kwamba chini hawataona kitu, na kwamba wafumbe macho kwa hiari yao kabla maji hayajawafumba, kisha wafuate mkono. Niliwashusha mmojammoja, karibu karibu, kwa kamba fupi. Waliogopa, lakini walikaa. Wa mwisho nilimfunga shemeji yangu. Mafundo niliyafunga mara mbili. Alirudi nyuma ndani ya yale maji ya rangi ya chai, na baada ya kichwa chake hapakubaki kitu cha kutazama isipokuwa kamba mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipomwona yule mama wa kijana aliyezama anakuja kando ya maji, na beseni la mihogo mikavu kichwani. Anakaa karibu na pale; nilijua, na nilikuwa nimeomba tusikutane. Alitua beseni. Alitutazama kwa muda, sisi na kamba.

"Baba," alisema, "hii maji ni ileile ya ile siku?"

"Ni ileile, mama."

"Na ule musichana mwenye ameshuka sasa, ile siku alikuwako?"

"Alikuwako."

Aliuliza polepole, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. "Sasa juu ya nini hakushuka?"

Nilifungua kinywa. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Ni miye, mama," alisema mama mkwe kutoka mkekani, bila kugeuka. "Ni mutoto wangu. Ni miye nilimukataza."

Haikuwa kweli. Alikuwa ameomba kwa ajili ya mtoto wake, kama mama yeyote. Hakuwaweka yeye wale watano kwenye mchanga mweupe. Hakusoma yeye ile sindano na kusema uongo. Ilibaki nami kusema maneno machache tu: hapana, mama, ni mimi. Lakini hayo yangekuwa kumkanusha bokilo mbele ya mtu wa nje, na bokilo hakanushwi. Nikagundua, kwa aibu inayonichoma mpaka leo, kwamba ile heshima ilinifaa tena kama ghuba ile: haikuwa na wimbi hata moja. Nikanyamaza.

Mama mkwe alisogea, akaacha nafasi mkekani. Yule mama hakukaa. Alisimama akiutazama mgongo ule ambao mimi nimeutazama miaka yote, kisha akageuka akaitazama kamba inakoingilia majini, kana kwamba chochote kinaweza bado kutoka pale.

Kamba ikavutwa mara moja. Niko mzuri.

Kanuni ni kujibu vilevile. Nikajibu.